Siku moja na wageni wangu: Feri, Kariakoo, Kunduchi, Magomeni

Saa 11 alfajiri. Nimeshaoga, maana mnada wa samaki wa Feri haumsubiri mtu. Kazi yangu ni kutembeza wageni ndani ya Dar, kwa miguu na kwa daladala. Inaniuma sana kuona mtu ameshushwa uwanja wa ndege, akalala usiku mmoja, kesho yake boti ya Zanzibar. Huyo Dar hajaiona.

Saa 12:30 asubuhi. Leo ninao mama mmoja na binti yake kutoka Mbeya, pamoja na kijana wa Kijerumani anayejifunza Kiswahili. Tumekutana kituo cha mwendokasi cha Kivukoni. Sharti langu ni moja: simu mfukoni mpaka tumalize kusalimiana. Watu wa Feri wako kazini, na kupigwa picha kabla ya kuamkiwa ni dharau.

Mnadani madalali wanataja bei haraka haraka, vibua wamemwagwa mezani, vijana wanapara samaki magamba yakiruka. Pembeni namkuta mzee ninayemfahamu, anashona nyavu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leo umeniletea wajukuu?"

Anamkalisha kijana, anampa sindano na kumwonyesha fundo: uzi upite tunduni, ubanwe kwa kidole gumba, ndipo uvutwe. La kwanza linafumuka, la pili pia. La tatu linashika, na mzee anacheka mpaka anakohoa. Mama wa Mbeya naye ameanza kuuliza habari za upepo wa kusi, na wavuvi wengine wamesogea. Tumekaa hapo zaidi kuliko nilivyopanga. Sikuwaharakisha.

Saa 3 asubuhi. Tunapita kando ya bandari. Kanisa la Azania Front, kisha Boma la Kale lenye kuta za mawe ya matumbawe, la miaka ya 1860, enzi za Sultan Majid wa Zanzibar. Haya yako kwenye kila ramani, kwa hiyo hatukawii.

Saa 6 mchana. Kariakoo. Nawaonyesha jengo la soko lililosanifiwa na Beda Amuli miaka ya 1970, likaungua Julai 2021. Halafu tunaacha mitaa ya maduka na kuingia uani kwa mama ntilie mmoja, kwenye nyumba ya Kiswahili ya zamani: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma. Hakuna kibao mlangoni. Wali, maharage, mchicha na changu wa kukaanga. Binti wa Mbeya ameinuka mwenyewe kusaidia kukuna nazi, na tangu hapo ameitwa mwanangu.

Saa 10 jioni. Foleni ya Barabara ya Bagamoyo imekula muda wetu, lakini Kunduchi haijawahi kuniangusha. Karibu na kijiji cha wavuvi, ndani ya vichaka na mibuyu, kuna magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo yaliyopambwa kwa sahani za kaure kutoka China. Nyingi zimeng'oka, zimebaki alama za mviringo kwenye chokaa. Watu wengi waliozaliwa Dar hawajawahi kufika hapa, na kwa kweli hilo linanisikitisha. Tumepita kwanza kwa mlinzi, tukalipa kiingilio, akatutembeza mwenyewe.

Saa 1 usiku. Magomeni, kijiwe cha kahawa, baada ya magharibi. Dele liko juu ya mkaa, vikombe vidogo, kashata za karanga. Mabishano ni Simba na Yanga, kama kawaida. Mjerumani ameulizwa yuko upande gani, akajibu bado anasikiliza hoja. Wazee wamempisha kwenye benchi.

Saa 3 usiku. Nawatumia mama ntilie na mzee wa nyavu mgao wao kwa simu. Siku kama hii ni yao pia. Ujumbe unaingia kutoka kwa mama wa Mbeya: kesho anataka kurudi kijiweni na binti yake, bila mimi. Namwandikia: panda mwendokasi, shuka Magomeni Mapipa, ukipotea uliza wauza kahawa.