Usiku Mmoja wa Albergue kwenye Njia ya Santiago

Tuliondoka Saint-Jean-Pied-de-Port, upande wa Ufaransa, penye mwinuko wa mita 170 hivi, tukapanda milima ya Pirenei hadi Col de Lepoeder, mita 1,430 na ushei, kisha tukateremka Roncesvalles, Uhispania. Ni kama kilomita 25, na ndiyo siku ya kwanza kati ya kilomita karibu 780 za kufika Santiago de Compostela, mji wa hija ya Kikristo kaskazini-magharibi mwa Uhispania. Njia hiyo ya juu hufungwa kuanzia Novemba 1 hadi Machi 31. Miezi hiyo wasafiri hupita bondeni, kwa Valcarlos. Mteremko wa mwisho ni mkali na hupita msituni. Ukitokeza chini magoti yanacheza yenyewe, na kitu pekee unachokitaka ni kujibwaga kitandani. Usijibwage bado. Tangu unapotua shanta una saa chache za jua, na unavyozitumia ndivyo utakavyolala, na ndivyo utakavyotembea kesho.

Albergue ni hosteli ya mahujaji. Kwa kawaida hulali humo bila credencial, kile kijitabu cha kukunja kinachopigwa muhuri kila kituo. Sisi tulichukua vyetu ofisi ya mahujaji ya Saint-Jean, kwa euro chache. Mezani unatoa pasipoti na credencial, hospitalero, yaani mhudumu wa hosteli, anaandika jina, anapiga muhuri, anakupa namba ya kitanda. Hospitalero mara nyingi ni mtu wa kujitolea ambaye naye aliwahi kuitembea njia hii. Pale Roncesvalles wahudumu ni Waholanzi, na vitanda ni 183.

Viatu havipandi juu. Vina chumba chake chenye rafu, na harufu ya chumba hicho haihitaji maelezo. Tatizo ni kwamba jozi kumi zinafanana na yako. Atakayeondoka saa 11 alfajiri gizani anaweza kuvaa zako bila kujua, na kilomita 5 mbele nyote wawili mko taabani. Funga uzi wa rangi kali kwenye kamba za viatu, kisha toa soli za ndani uzisimamishe kando zipate hewa. Viatu vikilowa, vijaze gazeti, lakini usilisahau humo usiku kucha. Gazeti linanyonya maji saa moja au mbili, likishiba halina kazi, libadilishe.

Ukifika kitandani, shanta ibaki sakafuni, au itundikwe kama kuna ndoano. Kamwe isiwekwe juu ya godoro. Sababu ni kunguni, wanaosafiri njia hii kama mahujaji wengine, ndani ya mizigo. Ukaguzi unachukua dakika tatu. Washa tochi, inua pembe ya godoro upande wa kichwani, fuata mshono wote kwa kidole, kisha tazama viungo vya kitanda pale mbao au vyuma vinapokutana. Kunguni mzima ana urefu wa milimita 4 hadi 5, bapa, rangi ya hudhurungi. Mara nyingi utaona alama zake kabla yake: vidoadoa vyeusi kama nukta za kalamu ya wino, na magamba makavu. Ukiviona, nenda kamwambie hospitalero kwa sauti ya chini na uombe kuhamishwa. Hospitalero mzuri atakushukuru. Kama umeshaumwa, nguo zote na mfuko wa kulalia viingie kwenye mashine ya kukaushia kwa joto la juu kabisa, nusu saa au zaidi. Ni joto linalowaua pamoja na mayai, kufua kwa maji ya baridi hakuwafanyi chochote. Sehemu nyingi hutoa shuka na foronya za kutupa, nyembamba kama karatasi. Zitandike, lakini ujue zinalinda godoro kuliko zinavyokulinda wewe.

Baada ya hapo, kuoga na kufua, na kufua ndiko kunakopanga ratiba yote. Unabeba nguo seti mbili, ya mwilini na ya kubadilisha, kwa sababu shanta haitakiwi kuzidi kama asilimia 10 ya uzito wako. Maana yake kila siku kuna seti lazima ikauke. Aliyefika saa 8 mchana anaanika juani. Aliyefika saa 12 jioni anaanika kivulini, na asubuhi anatembea na soksi zimebanwa kwa pini nje ya shanta, zikipepea kama bendera. Soksi za sufu zigeuze ndani nje kabla ya kuzisugua, kwa maana chumvi ya jasho na mchanga hukaa upande wa ndani, na hivyo ndivyo vinavyoleta malengelenge. Suuza mpaka maji yawe safi. Usizikamue kwa kuzisokota tu. Zilaze juu ya taulo, vingirisha taulo, lisimamie kwa miguu miwili. Zitatoka nusu kavu. Anika kwa upande wa vidole, uzito wa maji usivute mpira wa juu. Sabuni moja ya kipande inatosha mwili, nywele na nguo.

Suala la kufika mapema linakuwa gumu zaidi kwenye Meseta, ile nyanda kame kati ya Burgos na León. Ukitoka Carrión de los Condes, kilomita 17 za kwanza hazina kijiji hata kimoja hadi Calzadilla de la Cueza. Ukikuta hapo vitanda vimejaa, Ledigos iko kilomita nyingine 6 hivi, na jua la mchana halina huruma. Albergue za manispaa kwa kawaida hazipokei nafasi ya kuwekwa. Anayewahi ndiye anayelala, waenda kwa miguu wakitangulia wenye baiskeli, na usiku ni mmoja tu isipokuwa unaumwa. Za binafsi ndizo unazoweza kupiga simu. Kwa maoni yetu, kuweka nafasi kila siku kunaharibu safari: mguu ukivimba kwenye kilomita ya 12, bado unalazimika kumaliza 25.

Halafu kuna zile za donativo, yaani za mchango wa hiari, mfano Grañón, ndani ya kanisa la San Juan Bautista. Hakuna vitanda, unapewa godoro jembamba, unalala sakafuni bega kwa bega na jirani. Kisanduku cha fedha kiko wazi, na maandishi yake yanasema acha unachoweza, chukua unachohitaji. Wengi husoma nusu ya kwanza tu wakadhani ni bure. Chakula cha leo kimenunuliwa na walioacha fedha jana, kwa hiyo weka angalau kile ambacho ungelipa hosteli ya manispaa. Jioni wote mnamenya, mnapika, mnaosha vyombo.

Ukifika Galicia, jimbo la mwisho kwenye njia hii, mambo hugeuka. Albergue za serikali ya jimbo ni safi, zina majiko mazuri ya umeme, na mara nyingi hazina sufuria hata moja. Watu hufika na tambi mkononi wakibaki wanatazamana. Nunua mkate, jibini na matunda, au beba kikombe cha chuma. Kuanzia Sarria, kilomita 115 hivi kabla ya Santiago, umati unaongezeka ghafla, kwani Compostela, cheti cha kukamilisha hija, kinadai angalau kilomita 100 kwa miguu, na wengi huanzia hapo.

Saa 4 usiku mlango unafungwa na taa zinazimwa. Mwezi wa Juni jua linakuwa ndiyo kwanza limezama, hivyo usitegemee giza. Funika macho kwa kitambaa. Vizibo vya masikio viwe vya sponji laini: visokote viwe vyembamba, vuta sikio juu na nyuma, ingiza, shikilia mpaka vitanuke. Bila kushikilia vinatoka saa 8 usiku, na aliye deka ya juu anakoroma.

Kufunga mizigo hufanywa jioni. Mifuko ya nailoni inayochakarisha alfajiri imewaudhi watu wengi kuliko mikoromo, kwa hiyo tumia ya kitambaa. Asubuhi beba kila kitu kwa mikono miwili hadi ukumbini, ufungie huko. Kabla ya kutoka, mulika chini ya kitanda, kisha ukutani, kwenye soketi: chaja ndiyo inayosahaulika zaidi. Na usitoke gizani kabisa. Mishale ya njano inayoonyesha njia, ile ambayo padri Elías Valiña wa O Cebreiro alianza kuichora mwaka 1984, imepakwa kwenye mawe, nguzo na kona za kuta, na tochi ya kichwani huiruka kirahisi, hasa njia panda za kutokea mjini. Tulikunywa kahawa tukasubiri mpaka tukaona rangi bila tochi, ilipofika saa 12 na nusu, ndipo tukavaa viatu.