Virusi vile vile

Siku ya nne leo maneno ya yule mzee hayanitoki. Tumehamia maabara mpya, mdogo wangu amejifungua salama, mtoto wa kike, lakini nikifumba macho namwona mzee tu, kakunja mkono wa shati, kabana pamba kwenye kiwiko.

Mnamkumbuka, nilishawahi kumwandika. Alipimwa 2003 akakutwa na VVU, na miaka yote ile CD4 zake, yaani seli za kinga ambazo virusi hivyo huzishambulia, hazikushuka chini ya 500 bila kidonge hata kimoja. Dawa alianza Shirika la Afya Duniani (WHO) walipotoa mwongozo wa 2015 kwamba kila mwenye VVU aanze.

Akaniuliza, "Binti yangu, hivi virusi vyangu ndivyo dhaifu, au damu yangu ndiyo kali?"

Nikamjibu huku naandika kwenye kichupa, "Una bahati tu, baba."

Akanyamaza. Kisha, "Mama watoto alikuwa navyo vile vile. Tulipimwa pamoja. Miaka sita hakuimaliza."

Bahati! Hilo ndilo neno la kumwambia mgane?

Juzi usiku nikaanza kulitazama swali lenyewe, na uchungu ukapungua kidogo, maana kauliza kama mtafiti. Kule Sydney, mchangia damu mmoja aliambukizwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na watu 8 walioongezewa damu yake wakapata virusi vyake. Miaka ikapita, ugonjwa ukawa unajikokota. Mwaka 1995 sababu ikatangazwa: virusi vyao vilikosa kipande cha jeni ya nef. Jeni moja tu kati ya 9! Seli iliyovamiwa huonyesha vipande vya adui ukutani mwake, kama mtu anayepunga mkono dirishani, ili askari wa kinga waje waiue. Nef huushusha mkono ule. Jeni hiyo ikiharibika, virusi hukosa pa kujificha. Hata hivyo, baadaye CD4 za baadhi yao zilishuka, kwa hiyo mzee asiguse wazo la kuacha dawa.

Lakini kule, virusi vilivyotoka kwa mtu mmoja vilikwenda polepole kwa wengi. Kwa mzee ni kinyume. Kama kweli walikuwa navyo vile vile, siri huenda imo mwilini mwake, pengine katika mikono yenyewe inayopunga, yaani HLA, ambayo hutofautiana mtu na mtu. Wenye aina ya B57 huonekana zaidi miongoni mwa wanaovidhibiti virusi bila dawa.

"Damu yako ndiyo kali, baba." Nimejaribu kuisema kwa sauti, peke yangu jikoni. Inasikika kama namwambia ya mkewe ilishindwa. Haikushindwa. Ilikuwa damu kama ya wengi wetu. Akija kuchukua majibu ya wingi wa virusi nitaanza na hilo, na kichupa nitakiweka chini kwanza.

Mtoto hajashika titi vizuri tangu jana jioni. Mdogo wangu alisema atapiga simu saa mbili, na sasa inakaribia saa nne.