Siku moja maishani mwangu: kung'oa nembo na kufuta kivuli chake

Saa 1:00 asubuhi

Kazi huanza kwa maji kabla ya mashine yoyote kuwashwa. Gari la leo ni dogo, la rangi ya bluu iliyokoza yenye chembe za kumeta, na lilitumiwa na kampuni kwa miaka mingi kabla ya kununuliwa na mama mmoja ambaye hataki libaki na alama yoyote ya kazi yake ya zamani. Anataka herufi za kwenye buti ziondoke, na stika kubwa ya mlango wa kushoto, ambayo mtu mwenye haraka alikwisha kuibandua nusu kwa kitu chenye makali, imalizwe vizuri.

Ninaliosha kwa ndoo mbili, moja ya sabuni ya gari na nyingine ya kusuuzia kitambaa, kisha ninapitisha brashi laini kuzunguka kila herufi. Vumbi lililojificha pembeni mwa herufi ni mchanga mtupu, na uzi nitakaoupitisha nyuma ya herufi baadaye kuzing'oa utaukokota juu ya rangi na kuacha mikwaruzo ambayo itanilazimu kuifuta mchana.

Saa 2:00 asubuhi

Kabla ya kugusa nembo ninapima unene wa rangi. Rangi ya kiwandani, ukijumlisha praima (tabaka la chini), rangi yenyewe na klia (tabaka la juu lisilo na rangi), kwa kawaida huwa na maikroni, yaani sehemu za elfu za milimita, kama 100 hadi 150 hivi, na klia peke yake mara nyingi ni kati ya maikroni 35 na 50. Unywele mmoja wa mtu una unene wa karibu maikroni 70, kwa hiyo tabaka lote ninaloruhusiwa kuling'arisha ni jembamba kuliko unywele. Kipimo cha kawaida husoma jumla ya matabaka yote kwa pamoja bila kutenga klia, na hakisomi chochote juu ya bampa la plastiki. Hapo fundi hutegemea macho na tahadhari.

Buti linasoma kati ya 112 na 118 kila ninapogusa, dalili kwamba rangi yake ni ile iliyotoka kiwandani. Mlango wa kushoto unasoma zaidi ya 230, kumbe uliwahi kupigwa rangi upya. Habari hiyo inabadilisha mpango wa siku nzima, maana rangi iliyopigwa gereji haivumilii dawa zote zinazovumiliwa na rangi iliyookwa kiwandani kwa joto kali, na sijui fundi aliyenitangulia alitumia klia ya aina gani.

Saa 3:00 asubuhi

Ninafungua buti na kutazama upande wa ndani. Herufi ndogo zimeshikiliwa na tepu ya povu yenye gundi pande mbili, lakini nembo kubwa ya katikati ina vijiti viwili vilivyopita kwenye matundu ya bati. Ninampigia simu mwenye gari na kumweleza kwamba herufi zitatoka bila shida, ila nembo ya katikati ikiondoka itaacha matundu yatakayohitaji kuzibwa na buti lote kupigwa rangi. Anakubali nembo hiyo ibaki.

Ninazipasha moto herufi kwa mashine ya kukaushia nywele, nikiisogeza bila kuisimamisha, hadi bati liwe la moto lakini kiganja bado kiweze kutulia juu yake. Mashine kali za gereji zinazopuliza hewa ya moto zingefanya kazi hiyo haraka zaidi, lakini zinaweza kuiunguza klia na kulegeza plastiki ya taa iliyo jirani. Povu likishalainika, ninapitisha mshipi wa kuvulia samaki nyuma ya herufi na kuuvuta huku na huku kama msumeno, nikiulaza sambamba na bati. Bisibisi na kisu havina nafasi katika kazi hii, hata vikifungwa kitambaa.

Saa 4:00 asubuhi

Herufi zimetoka na kuacha maumbo yao kwa gundi ya kijivu. Hapa ndipo watu wengi huharibu rangi, kwa sababu gundi inaudhi na mkono unataka kukwangua. Gundi ya tepu hizi haiyeyuki papo hapo. Inahitaji kulowa, kuvimba, kisha kuachia. Ninaloweka kitambaa kwa dawa ya kuondolea gundi iliyotengenezwa kwa mafuta ya maganda ya machungwa, ninakilaza juu ya herufi na kukiacha dakika kadhaa kivulini. Baada ya hapo sehemu kubwa inaviringika chini ya kidole gumba, na inayobaki inaondolewa kwa kipande cha plastiki laini.

Kuna wanaotumia petroli, na kuna wanaotumia thina ya rangi. Petroli ni hatari kwa moto na mvuke wake ni mbaya kwa mapafu. Thina inaondoa gundi kweli, lakini juu ya rangi ya gereji inaweza kuondoka na klia pia, ndiyo maana mlangoni siigusi kabisa. Huko ninaanza kwa kujaribu dawa ileile ya machungwa kwenye ukingo wa chini usioonekana, ninasubiri, ninapangusa na kutazama kitambaa. Hakina bluu, na uso haujalainika, kwa hiyo ninaendelea. Stika iliyobaki ninaipasha moto na kuivuta taratibu, nikiikunja juu yake yenyewe ili nguvu ielekee kwenye gundi badala ya kuinyanyua rangi. Kijana ninayefanya naye kazi anauliza kama tutumie gurudumu la mpira la kufutia gundi. Ninamwambia kwamba zana hiyo ni nzuri kwa stika nene juu ya rangi ya kiwandani, lakini inazalisha joto kwa msuguano, na mlango huu hatuujui vya kutosha.

Saa 5:00 asubuhi

Gundi imekwisha, uso umeoshwa tena na kupanguswa kwa alkoholi ya isopropili iliyochanganywa na maji, lakini herufi bado zinasomeka. Mwenye gari akiliona sasa atadhani kuna uchafu uliobaki, na wapo mafundi wanaorudi kusugua gundi ambayo haipo. Tunachokiona ni sehemu mbili za rangi zenye umri tofauti: ile iliyokuwa chini ya herufi haikupata jua, mvua wala vitambaa vya kuoshea, na ile iliyoizunguka imepata vyote.

Tofauti hiyo huwa ya aina mbili, na kuzitenganisha ndiyo kazi yenyewe. Aina ya kwanza imo kwenye uso wa klia: pembeni kumechoka na kujaa mikwaruzo midogo inayotawanya mwanga, ilhali chini ya herufi kumebaki laini. Hiyo hufutika kwa polishi. Aina ya pili imo ndani, kwenye rangi yenyewe chini ya klia, ambapo jua limepausha. Hiyo haifikiwi na polishi yoyote, hata ukimaliza klia yote. Tochi ninayoishika kwa pembe ndogo inanionyesha mikwaruzo tele kuzunguka herufi za buti, na hiyo ni habari njema. Mlangoni mikwaruzo ni michache, lakini kivuli, yaani umbo lililoachwa na stika, ni kizito.

Ninapitisha udongo maalumu wa kusafishia rangi, nikiulowesha kwa maji yenye sabuni, ili utoe chembe za chuma na utomvu ulioganda, maana mashine ingezisaga chembe hizo ndani ya klia.

Saa 6:00 mchana

Ninaziba kingo za buti na nembo ya katikati kwa tepu ya karatasi, kwa kuwa kwenye kingo na mikunjo klia huwa nyembamba kuliko kwingine. Kisha ninachagua herufi moja tu ya majaribio. Ninaanza na polishi laini na sponji laini, kwenye mashine inayozunguka huku ikiyumba. Nikipangusa, kivuli kimepungua kidogo tu. Ninapanda hatua moja, kompaundi ya wastani, yaani polishi yenye makali zaidi, na sponji ngumu zaidi, na baada ya mizunguko michache herufi haionekani tena. Kipimo kinasoma karibu vilevile. Msasa wa maji wa namba 3000, ulio laini sana, nilikuwa nao mezani, lakini sasa hauna kazi hapa, na nimefurahi kuurudisha kwenye droo. Wengine huanza nao kwa sababu unaokoa muda. Mimi naona ni kuitumia klia pasipo sababu, na klia ikishaondoka hairudishwi na mtu.

Saa saba tunapumzika.

Saa 8:00 mchana

Buti linang'arishwa lote, wala si eneo la herufi peke yake. Ukiling'arisha eneo la herufi tu utapata kioo katikati ya uso uliofifia, na jicho litavutwa palepale ulipotaka lisitazame. Ninakwenda kwa vipande vidogo, kila kipande kikipitiwa kwa mistari inayokatana, sponji ikisafishwa kila baada ya kipande, na mkono ukigusa bati mara kwa mara kuhakikisha halijawa la moto mno. Baada ya kompaundi ninarudia kwa polishi laini inayoondoa ukungu ulioachwa na hatua ya kwanza. Mwishoni ninapangusa kwa alkoholi, kwa sababu mafuta yaliyomo kwenye polishi hujaza mikwaruzo na kuificha hadi gari lioshwe. Kivuli hakijarudi.

Saa 9:30 alasiri

Mlangoni pana mkwaruzo wa yule aliyetumia kitu chenye makali, mfupi lakini umefika kwenye praima. Ninasoma namba ya rangi kwenye kibandiko cha fremu ya mlango, ninachanganya kidogo, na kwa brashi nyembamba sana ninajaza mkwaruzo peke yake, tabaka jembamba baada ya jingine, kila moja likipewa muda wa kukauka, kisha klia juu yake. Kazi hii lazima itangulie nta, kwa kuwa rangi haishiki mahali penye nta. Donge dogo litabaki limeinuka na nitaliacha hivyo leo.

Mlango wenyewe ninaupitisha kwa polishi laini tu. Unang'aa, lakini umbo la stika lipo, hafifu, likionekana zaidi ukisimama ubavuni.

Saa 11:00 jioni

Mama anafika na kutazama buti kwa muda, akipapasa mahali herufi zilipokuwa. Kisha anageukia mlango.

"Fundi, na hapa mbona bado?"

"Mama, hapa jua limepausha rangi iliyo chini ya klia. Nikiendelea kusugua nitaitoboa klia, na kivuli kitabaki palepale."

Ninamweleza njia mbili zilizopo. Anaweza kuuacha mlango upigwe na jua kama sehemu nyingine za gari, na tofauti inaweza kupungua kadiri sehemu iliyofichwa nayo inavyochakaa, bila ahadi ya muda. Ama mlango upigwe rangi upya, na kwa bluu ya kumeta kama hii rangi itabidi ipulizwe ikififia taratibu hadi kwenye paneli za jirani ili isitofautiane, kisha ukae bila nta kwa muda ambao mtengenezaji wa rangi ameagiza, mara nyingi kati ya siku 30 na 90. Anachagua kusubiri.

Ninapaka nta kwenye buti na sehemu nyingine za gari, nikiuruka mlango wa kushoto. Tumekubaliana arudi wiki ijayo, rangi ya mkwaruzo ikiwa imekauka vya kutosha, nilisawazishe lile donge kwa msasa wa 3000 uliofungwa kwenye kipande kidogo kigumu na kumalizia kwa polishi. Hadi siku hiyo mlango uoshwe kwa mkono tu, bila brashi na bila mashine ya maji ya kasi.