Ninavyobaki na mteja mpaka kikao kiishe

Nikimwambia mtu hapa Dar kwamba mimi ni kocha, huuliza timu gani. Nikishamweleza kuwa sifundishi mpira, kwamba nakaa na watu wanaotaka kubadilisha kazi, kuongoza ofisi au kufanya uamuzi unaowasumbua, swali la pili huwa: kwa hiyo unalipwa kwa kusikiliza? Ndiyo. Na hakuna sehemu ya kazi hii inayonichosha kama hiyo, kumsikiliza mtu saa nzima bila akili kutoka nje.

Wengi hudhani kinachomvuruga kocha ni simu. Simu unaizima, unaiacha chumba cha pili, yamekwisha. Kinachonivuruga mimi ni swali linalofuata. Mteja yuko katikati ya maelezo, nami nimeshaokota neno moja naanza kulitengenezea swali zuri, na maelezo yaliyobaki yanapita hivi hivi. Namsikia kama kondakta wa daladala anavyomsikia abiria anayesema "shusha", macho yakiwa yameshafika kwa wanaosubiri kituo cha mbele.

Niliposoma kuhusu jambo hili nilipumua kidogo. Mwaka 2009 watafiti wa lugha walichapisha ulinganisho wa mazungumzo katika lugha 10 za sehemu mbalimbali za dunia. Waliona kwamba pengo kati ya mtu kumaliza kusema na mwenzake kujibu ni dogo ajabu, kwa wastani kama milisekunde 200, yaani moja ya tano ya sekunde. Na tafiti nyingine zinaonyesha kuwa ubongo huhitaji zaidi ya nusu sekunde kuandaa hata neno moja la kutamka. Ukizipanga hesabu hizo mbili, unaona kwamba binadamu wote tunaandaa jibu wakati mwenzetu bado anasema. Barazani hilo ndilo linalofanya maongezi yanoge. Kwenye kikao linanitoa chumbani.

Kwa hiyo nilianza kwa kujifunza kuchelewa. Mteja akimaliza kusema, navuta pumzi moja na kuitoa yote ndipo nifungue mdomo. Swali silitafuti mpaka pumzi iishe. Mara nyingi silihitaji, kwa sababu mteja mwenyewe anaendelea, na anachosema safari hii ndicho alichokuwa anakizunguka. Walimu wa sayansi wanalijua jambo hili kupitia Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani aliyepima madarasa miaka ya 1970. Aliona walimu wanasubiri jibu kwa takriban sekunde moja tu kabla ya kuuliza tena au kumpa mtoto mwingine nafasi. Waliposubiri sekunde 3, majibu yalirefuka na watoto waliokuwa kimya wakaanza kujitolea kujibu. Sekunde 3 ni chache mno kwenye karatasi. Ukiwa umekaa mbele ya mkurugenzi anayekutazama, ni ndefu.

Kwenye simu kimya kina tabu yake. Nina mteja aliyeko Muscat, yuko mbele yetu kwa saa moja, na tunaongea yeye akishatoka kazini. Nikikaa kimya kidogo tu: "Haloo? Upo?" Ana haki. Mtandao wetu umetufundisha kwamba kimya ni laini kukatika au bando kuisha. Nikakubaliana naye mwanzoni kabisa, na sasa nawaambia wote katika kikao cha kwanza: nikinyamaza ujue nipo, na laini ikikatika nitapiga mimi. Tangu hapo hatuulizani tena.

Lakini Mswahili hasimulii kwa mtu aliyenyamaza kabisa. Anataka "eeh", anataka "mmh", anataka "ikawaje?" Hadithi isiyoitikiwa hufa njiani. Kwa hiyo naitikia, ila kwa sauti ya chini na si kila sentensi, maana mwitikio wa haraka haraka humsukuma mtu amalize upesi. Na hapa ndipo nilipopata kipimo changu cha kujikagua. Nikiwa naye kweli, mwitikio wangu hauna mpangilio. Mmoja mrefu, mmoja mfupi, mara nanyamaza. Akili ikianza kuondoka, mdomo hubaki kazini peke yake: eeh, eeh, eeh, kwa mapigo yaliyo sawasawa. Nikiyasikia mapigo hayo najua niende wapi. Naweka nyayo zote mbili sakafuni, nazihisi, nairudia kimoyomoyo sentensi ya mwisho aliyosema. Nikiikosa, naomba: "Samahani, hapo naomba unirudishie." Hakuna mteja aliyechukia kuombwa hivyo, na wengi wakirudia hawarudii vilevile.

Shirikisho la kimataifa la makocha, ICF, lililoanzishwa mwaka 1995, lina orodha ya stadi 8 ambazo kocha hupimwa nazo. Ya 5 inahusu jambo hili hili la kuwa na mteja kikamilifu, na ndani yake wametaja kuruhusu kimya na kustahimili kutojua. La kutojua ndilo lililonipa kazi kubwa zaidi, kwa sababu ya umri wangu na mila zetu.

Sehemu nzuri ya wateja wangu wamenizidi umri. Nawaamkia shikamoo, wananiita mwanangu, halafu tunakaa. Baada ya nusu saa mzee anaegemea kiti: "Haya, wewe ndiye mtaalamu. Unanishauri nini?" Amelipa, na kwetu mtu hatoi fedha arudi nyumbani na maswali. Hapo mawazo hukimbia kutafuta ushauri wenye thamani ya ada yake, na sekunde hiyo hiyo nakuwa nimeshamwacha kwenye kiti. Nilichofanya ni kuitumia mila yenyewe. Namwambia: "Baba, mimi ni mtoto hapa. Kabla sijasema la kwangu, naomba nimalize kusikia la kwako." Mtoto kunyamaza mbele ya mkubwa si jambo geni kwake, anaendelea. Na ikibaki nafasi mwishoni ya kusema niliyoyaona, nasema. Sioni dhambi. Kuna makocha wenzangu wanaoshikilia kwamba kocha hatoi maoni hata akikabwa. Mimi nadhani kumnyima mzee wa Kitanzania maoni aliyoyaomba mara tatu ni kumfundisha asirudi.

Heshima hiyo hiyo ina upande wake mgumu. Mzee akianza kuizunguka habari moja, ya mdogo wake na kiwanja cha Bunju, naweza kukaa na tabasamu la adabu mpaka muda uishe, na kwa nje nikaonekana msikivu kweli. Hapo kuwa naye ni kumkatisha. "Naomba nikukatishe kidogo, baba. Hili la kiwanja umelirudia. Lina nini?" Ukitanguliza ombi, kumkatisha si utovu wa adabu.

Kuandika nako nimekupunguza sana. Zamani nilijaza kurasa, na mkono ukiwa unaandika dakika ya 5 mteja ameshafika ya 7. Sasa nina daftari dogo la mistari, na ninachoandika ni maneno yake tu, yale aliyoyatamka kwa namna iliyonigusa sikio, si tafsiri yangu. Siku nyingine kikao kizima kinaacha maneno matatu. Mama mmoja aliyekuja kwa ajili ya kupanda cheo (nimegeuza mambo machache asitambulike) alikuwa akizungumza kwa sauti ya ofisini, safi, iliyonyooka. Kila alipomtaja msaidizi wake, sauti ilishuka. Sikuandika habari, niliweka nukta pembeni. Mara ya tatu nikamwambia nilichosikia: "Ukimtaja msaidizi wako sauti inashuka." Akatazama dirisha kwa muda. Cheo hatukukigusa tena siku ile. Tuliongea juu ya mtu aliyemlea kikazi ambaye sasa angebaki nyuma yake. Ningekuwa nafuata ile ngazi ya maswali ya kocha, lengo, hali halisi, njia na hatua, ambayo Sir John Whitmore wa Uingereza aliieneza na ambayo kozi nyingi za ukocha huifundisha, ningekuwa bado nipo kwenye kisanduku cha "njia".

Machozi ni habari nyingine. Sisi mtu akilia tunamwahi: pole, pole sana, usilie, Mungu yupo. Pole nasema, kwa sababu kutoisema ni ukatili. Nasema moja. Kisha naacha mikono yangu mapajani na kusubiri, bila kukimbilia tishu. Kinachonitoa hapo huwa ni machozi yanayofanana na yangu. Mama yangu aliugua kwa muda mrefu, na mteja akianza habari za hospitali nami naanza kutembea kwenye korido zangu. Kwa hilo pumzi na nyayo hazitoshi. Nina kocha mwenzangu tunayekutana mara kwa mara, namletea vikao vya aina hiyo bila majina, ananiuliza kipi kilikuwa cha mteja na kipi changu. Na pale ninapoona mtu anabeba kitu kisichotibiwa na maongezi ya kazi na malengo, hapati usingizi wala hali chakula, namwelekeza kwa wataalamu wa afya ya akili. Kubaki naye kwa siku ile ni kumsaidia kupata miadi.

Kabla ya kikao kuna mambo madogo ambayo ndiyo yanayonisaidia zaidi kuliko mbinu zote za ndani ya kikao. Siweki wateja wawili mfululizo. Kati yao pana nusu saa hata ikimaanisha kipato kidogo, na ikiwezekana naipangia swala ya adhuhuri au alasiri iangukie hapo. Nikishatia udhu na kuswali, mteja wa kwanza ameshaondoka kichwani. Mwezi wa Ramadhani vikao vyote navihamishia asubuhi. Baada ya alasiri njaa husikiliza kwa niaba yangu. Na sipangi mtu saa ambayo itabidi nikimbizane na foleni ya Barabara ya Bagamoyo, kwa sababu mwili ukifika Mwenge akili hubaki Tegeta.

Vikao vya video nimevipunguza makali kwa kuificha picha yangu. Programu nyingi zina kitufe cha kuiondoa, mwenzako anaendelea kukuona. Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford, alipoandika mwaka 2021 kuhusu uchovu wa mikutano ya video, alitaja kujitazama muda wote kuwa moja ya sababu nne. Mimi nilikuwa natengeneza ushungi wangu huku mtu akinieleza kuhusu ndoa yake.

Zimebaki dakika 10 za mwisho, ambazo bado ni ngumu. Akili huanza kufunga duka mapema: tumeelewana nini, tarehe ijayo ni lini, muda umebaki kiasi gani. Saa ya ukutani nimeitundika nyuma ya kiti cha mteja, naiona bila kugeuza shingo wala kutazama mkono. Tarehe ijayo tunapanga kwa ujumbe baadaye. Na malipo yote yanaingia kwa simu kabla hatujaanza, kwa sababu nimejaribu kumsikiliza mtu huku nikijiuliza kama atalipa leo, na haiwezekani. Wateja wapya wakihoji utaratibu huo nawaeleza sababu yenyewe, bila kuificha. Wengine hucheka, wengine huomba punguzo.