Siku moja maishani mwangu: daktari anayewahoji madaktari

Mimi ni daktari, lakini siku nyingi hupita bila kumwandikia mgonjwa dawa yoyote. Kazi yangu ni kuwauliza madaktari vijana wamefikaje kwenye jina la ugonjwa waliloliandika, na wengi wao huniona mpelelezi.

Saa 1 asubuhi nilipokea ripoti ya zamu ya usiku, na hadi saa 3 tulikuwa tumewapitia wagonjwa wasio na utata.

Saa 3 na nusu tulifika kwa mama aliyelazwa siku ya nne, na hapo ndipo asubuhi yote ilipoishia. Daktari wa kwanza aliandika vidonda vya tumbo, na waliofuata wakayanakili maneno hayo zamu baada ya zamu, hata dhana ikageuka ukweli pasipo mtu kuithibitisha. Mama alikuwa amekonda, anatapika, na kila akisimama anashikwa na kizunguzungu. Nilimuuliza daktari kijana ni jambo gani katika faili lile ambalo vidonda vya tumbo haviwezi kulieleza. Akajibu, kwa adabu na kwa ukaidi, kwamba hakuna. Tukabishana karibu saa nzima huku muuguzi akisubiri na toroli la dawa.

"Basi nisomee potasiamu."

"5.9, Daktari."

Anayetapika kwa siku nyingi kwa kawaida potasiamu yake hushuka. Ya mama huyu ilikuwa imepanda, na sodiamu ilikuwa imeshuka hadi 124. Nilimwomba afungue viganja. Mistari yake ilikuwa imekolea weusi, na mwenyewe alisema kwamba zamani haikuwa hivyo. Kijana alinyamaza, kisha akautaja mwenyewe: ugonjwa wa Addison, ambao Thomas Addison aliueleza mwaka 1855, yaani tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, kushindwa kutoa homoni za kutosha. Tulichukua damu ya kupima kotisoli, mojawapo ya homoni hizo, tukaanza haidrokotisoni, dawa inayoziba pengo lake, na maji ya chumvi bila kungoja majibu, kwa kuwa kuchelewa kunaweza kuua.

Kulikuwa na darasa mchana, na baada yake kikao. Sikumbuki vizuri nilisema nini.

Jioni, miguu ikiniuma, nililifungua tena faili lile ili niandae kisa cha kufundishia. Miongoni mwa saini nne zilizo chini ya maneno "vidonda vya tumbo", ya tatu ilikuwa yangu. Nilikiandika kisa hicho na jina langu nikaliweka ndani yake.