Zenye jina la duka

Mama alipoiona ile glasi ya bia akaniuliza: "Mwanangu, hii unaiwekea nini nyumbani?"

Ni tokeni ya shaba ya 1863, yaani kipande kama sarafu alichokitoa mwenye biashara badala ya chenchi; imekaa njiani miezi miwili mpaka kunifikia Wete. Upande mmoja kuna kichwa cha Gustavus Lindenmueller, na ndevu zake, mwenye baa wa New York. Upande wa pili ndiyo hiyo glasi. Nikamkalisha Mama nimweleze.

Marekani walikuwa wakipigana wao kwa wao tangu 1861. Watu wakaficha dhahabu, wakafuatia fedha, na kufikia mwisho wa 1862 hata senti zikawa adimu. Walilipana kwa stempu, zikawanata vidoleni. (Vita hivyohivyo ndivyo vilivyotukatia huku pwani merikani, kitambaa cha pamba cha wafanyabiashara wa Salem, Marekani; Waingereza na Wahindi wakaichukua nafasi.) Wenye maduka wakaona hawawezi kufunga kwa kukosa chenchi, wakajigongeshea vipande vyao vya shaba, kwa mamilioni. Sheria ya Aprili 1864 ikavipiga marufuku, na mwaka huohuo serikali ikatoa senti yake ya shaba, nyepesi kama zile tokeni.

Wakusanyaji wengi hupenda zenye bendera na maneno ya kizalendo. Mimi natafuta zenye jina la duka. Ya bendera haina jina: ukitaka ulipwe thamani yake, utamwendea nani?

Lakini jina nalo halitoshi. Inasimuliwa kuwa kampuni ya tramu ya Third Avenue ilipokea tokeni za Lindenmueller kama nauli, zikajaa, ikampelekea azilipe. Akakataa, na hapakuwa na sheria ya kumshika.

Mama akanyamaza kidogo. "Baba yako asingefanya hivyo."

Baba, dukani kwake, hakuwa akimpa mtoto pipi badala ya chenchi. Alichana boksi la sabuni, akaandika kiasi, akatia sahihi. Ukikirudisha kikaratasi, hata baada ya mwezi, unalipwa.

Mama akaingia ndani, akarudi na waya uliopinda, kutu tupu. Vikaratasi vilivyokwisha kulipwa Baba alivitunga humo. Sikujua kama vipo. Nimevihesabu jana usiku, taratibu, maana vinakatika: 43, kila kimoja kimepigwa mstari kwa kalamu yake nyekundu.