Bastola ya hewa ya mita 10: anza na mpini

Wanunuzi wengi hutazama mtutu kwanza. Tazama mpini. Bastola ikiwa tupu, ushike, fumba macho, inua mkono hadi usawa wa shabaha, kisha fumbua. Kilengeo cha mbele kinatakiwa kiwe katikati ya mwanya wa kile cha nyuma. Kikiegea upande, mpini haukukai. Usiulazimishe kwa kupinda kiwiko cha mkono. Misuli ikichoka, risasi zitahama. Tumia tupa na msasa, kidogo kidogo, maana mbao ikishaondoka hairudi (unga wa mbao na gundi huziba pengo, lakini ni kazi).

Kifyatulio kwa kanuni za ISSF (shirikisho la kimataifa la michezo ya kulenga shabaha) lazima kihimili angalau gramu 500. Uzito huning'inizwa katikati yake, mtutu ukiwa wima, bastola ikinyanyuliwa taratibu. Weka gramu 510 au 520: skrubu hulegea, na 500 kamili ya leo itakuangusha siku ya ukaguzi.

Risasi ndizo zinazostahili subira. Funga bastola kwenye jiriwa yenye mpira, kamwe usibane mtungi wa hewa. Piga 10 za kipenyo cha milimita 4.49, kisha 10 za 4.50, kila kundi karatasi yake. Duara la alama 10 lina kipenyo cha milimita 11.5; tundu la pamoja likizidi 8 ukingo hadi ukingo, jaribu kipenyo kingine. Matundu yakijipanga wima, angalia kwanza shinikizo la hewa kabla ya kulaumu risasi.